Bima ya Msafishaji Tusiyekuwa Naye

Nyinyi mliobaki kwenye dawati la bima mmeniuliza mara nyingi kwa nini nilikuwa nashuku kila kitu, hata kikombe cha chai nikiletewa bila kuomba. Sasa nimestaafu, nina nafasi ya kujibu. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaeleza kazi, aliyenifundisha, na kesi moja ya Riyadh ambayo sikuwahi kuisimulia ofisini kwa sababu wahusika walikuwa bado wanapita mlangoni.

Nilizaliwa Jeddah, mtaa wa Al-Hindawiyah. Wazee wangu walitoka Unguja mwaka wa sitini na nne wakafikia hapo, na sisi watoto tukakua tukisema Kiswahili ndani na Kiarabu dukani. Pamoja na kuzaliwa hapo, kitambulisho changu kilikuwa ikama, kibali cha ukaazi cha mgeni, sawa na mtu aliyeshuka jana kwenye ndege, na kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali hicho, akawa kampuni iliyoniajiri. Ilikuwa kampuni ya ujenzi na matengenezo yenye mbia mgeni. Miaka ile watu walikuwa wanaletwa kwa wingi kutoka kila upande, Wahindi, Wafilipino, Wakenya, na kila aliyeshuka ilibidi akatiwe bima ya afya kabla hajashika kazi. Ndiyo maana walitafuta mtu wa kukaa na makaratasi ya bima. Ndiyo maana wakakubali hata mwanamke, mradi akae chumba cha nyuma chenye mlango wake.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Ustadh Idris, mhasibu Msudani mwenye sauti ndogo na miwani mikubwa. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinisukumia rundo la risiti za wafanyakazi waliotaka kurudishiwa gharama za matibabu, akasema, "Niambie zipi tulipe."

Nikazipitia zote. Zilikuwa na mihuri, saini na tarehe. Nikamwambia, "Zote ni sawa, Ustadh."

"Nenda kanywe maji," alisema, "kisha usome tena."

Nilipozisoma tena nikaona familia moja ambayo kila mtu alinunuliwa miwani ya kusomea, akiwemo mtoto aliyezaliwa mwezi uliotangulia. Ustadh Idris hakucheka. Alisema tu kwamba huenda mtoto ana haraka ya kuanza shule, akairudisha risiti kwa mwenyewe.

Yeye ndiye aliyenifundisha sheria, na aliifundisha hivi. Watu wanadhani Saudia hakuna kodi kwa sababu mishahara yao haikatwi. Kodi ipo, ila inakaa kwa kampuni. Mbia mgeni anatozwa kodi ya mapato kwenye fungu lake la faida. Bima ya mfanyakazi na fedha anazorudishiwa kwa matibabu ni gharama ya biashara, kwa hiyo hutolewa kwenye faida kabla kodi haijahesabiwa. Lakini bima ya mtu asiyefanya kazi kwenye kampuni ni matumizi ya nyumbani kwa mtu fulani, na ukiichanganya na gharama za biashara umemdanganya mtoza kodi na kampuni ya bima kwa mpigo mmoja. "Kwa hiyo kila jina likipita mbele yako," aliniambia, "jiulize kama mtu huyu yupo, na kama yupo pale tunaposema yupo."

Nilijiuliza hivyo kwa miaka yote iliyobaki. Inachosha. Harusini nilikuwa nikiwatazama wageni nikijiuliza nani kawaalika.

Vifaa vyangu vilikuwa mashine ya faksi iliyokula karatasi, kioo cha kukuzia maandishi, na simu. Simu ndiyo iliyokuwa bora. Muhuri mtu anaweza kuuchonga, lakini ukipiga simu kliniki ukauliza swali dogo, mtu aliye upande wa pili akivuta pumzi kabla ya kujibu, umepata jibu. Nilimshika daktari wa meno aliyeng'oa jino lile lile la mtu yule yule zaidi ya mara moja. Nilimshika dereva aliyeazima kadi ya bima ya rafiki yake akapimwa sukari, rafiki akashangaa kuitwa hospitali kupewa dawa za ugonjwa asiokuwa nao. Kesi za namna hiyo zilikuwa nyingi, na nyingine zilichekesha. Hii ya Riyadh haikuchekesha, angalau mwanzoni.

Nilihamishiwa Riyadh baada ya mume wangu kufariki. Kaka yangu alikuwa akiishi huko na ndiye aliyekuwa akinipeleka kazini kwa gari lake. Ofisi ilikuwa nyumba kubwa ya chini, isiyo na ghorofa, na chumba changu kilikuwa nyuma kama kawaida. Naibu meneja tulimwita Abu Fahad. Alikuwa mtu wa maneno mazuri, anayeuliza habari za kila mtu kwa jina, na mimi mtu akilijua jina langu upesi huanza kumtazama vizuri.

Siku moja hospitali ilileta maombi ya idhini ya upasuaji. Mgonjwa alikuwa Mkenya anayeitwa Mwikali, na kazi yake iliandikwa: msafishaji wa ofisi, Riyadh. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, damu ilikuwa ikimtoka kwa miezi, na daktari alitaka kumpasua haraka.

Nilisoma nikatazama ndoo iliyokuwa pembeni ya mlango wangu. Chumba changu nilikisafisha mwenyewe. Huko mbele kwa wanaume alisafisha mzee mmoja wa Kibangali. Hatukuwa na msafishaji mwanamke. Kwa hiyo nilifikiri mawili: ama hospitali imebuni mgonjwa ili ilipwe, ama kuna mtu ameazima kadi. Yote mawili nilishawahi kuyaona. Nikampigia kaka yangu anipeleke hospitali nikamwone huyo mtu asiyekuwepo.

Alikuwepo. Alikuwa amelala kwenye wodi ya wanawake, mwembamba, midomo imepauka, na chupa ya damu ikining'inia juu yake. Nilimwamkia kwa Kiswahili nikitaraji atafurahi. Alinitazama kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa na mtu mwenye ufunguo wa kuiba.

"Wewe ni wa ejensi?" aliuliza.

"La. Mimi ni wa bima, wa kampuni. Naitwa Salma."

"Wale wa ejensi pia walikuwa na mtu wa Kiswahili," alisema. "Aliongea vizuri kukushinda."

Nikavuta kiti. Nilimuuliza anafanya kazi gani, akajibu upesi kwamba anasafisha ofisi. Ofisi ya nani? Ya bosi. Nikamuuliza kwa upole kama ile lifti ya ofisini inamsumbua na hali aliyonayo.

"Inasumbua kidogo," alisema. "Lakini nimezoea."

"Mwanangu, ofisi yetu haina lifti. Haina hata ghorofa."

Akageuza uso ukutani. Akasema bila kunitazama, "Sasa utanirudisha Kenya?"

"Sina uwezo wa kumrudisha mtu."

"Wote husema hivyo."

Nilingoja. Ustadh Idris alinifundisha kwamba mtu anayedanganya kwa sababu ya woga huchoka upesi kuliko anayedanganya kwa tamaa. Mwishowe Mwikali alisema. Alikuwa mfanyakazi wa ndani nyumbani kwa Abu Fahad, huko Al-Naseem. Alipika, alifua, na alimtunza mama mzazi wa Abu Fahad ambaye hakuweza kusimama mwenyewe. Bosi alimpa kadi ya bima akamwambia mtu akiuliza, aseme anasafisha ofisi. Damu ilipoanza kumtoka alificha, kwa sababu ejensi iliyowaleta iliwaambia wasichana kwamba anayeugua anarudishwa. Alificha hadi alipoanguka jikoni na madam, mke wa bosi, akamleta hospitali.

"Nina watoto huko Machakos," alisema. "Nikirudi mgonjwa na mikono mitupu, nitawaambia nini?"

Nilitoka pale nimeudhika, na zaidi nilijiudhi mwenyewe, kwa sababu nilikuja kumkamata mwizi nikamkuta mtu anayetoka damu. Lakini mambo hayakubadilika kwa huruma yangu. Miaka ile bima ya lazima ilikuwa ya wafanyakazi wa makampuni. Watu wa majumbani hawakuwemo, na matibabu yao yalikuwa juu ya mwenye nyumba. Nikiidhinisha upasuaji, nimethibitisha kwa saini yangu kwamba tuna msafishaji tusiyekuwa naye. Nisipoidhinisha, hospitali itamtoa kitandani.

Wiki ile ile wakaguzi wa hesabu wa mbia mgeni walikuwa wamefika, na kodi ndiyo hasa waliyoijia. Abu Fahad aliniita, nikasimama kwenye kizingiti cha ofisi yake, mlango ukiwa wazi.

"Nasikia ulikwenda hospitali," alisema. "Una moyo mzuri, Bi Salma. Sasa mwondoe yule mwanamke kwenye bima. Andika kwamba aliacha kazi mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita alitibiwa jino kwa kadi yetu."

"Basi andika mwezi wa kabla yake."

"Na upasuaji?"

"Hayo ni ya nyumbani kwangu. Nitayashughulikia, inshallah."

Mnajua kuna inshallah ya mtu anayetaraji, na kuna ile ya mtu anayefunga mlango. Nikauliza kama atamlipia yeye mwenyewe. Alitabasamu, akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za watoto, "Ikama yako wewe inaisha lini?"

Ilikuwa inakaribia kuisha. Alijua, na alijua kwamba najua kuwa anajua. Nikarudi chumbani kwangu nikampigia Ustadh Idris, Jeddah. Nilimweleza yote. 

"Usiandike kwamba anasafisha ofisi," alisema, "wala usiandike kwamba aliacha. Andika kilichopo."

"Na ikama yangu?"

"Hilo siwezi kukuambia, binti yangu. Ikama si yangu."

Nikaandika kilichopo. Nikaandika kwamba mwanamke huyu ni mfanyakazi wa nyumbani, kwamba aingizwe kwenye hesabu kama matumizi binafsi ya mkubwa aliyemwingiza, kwamba yaliyokwisha kulipwa kwa ajili yake yarudishwe kwenye faida inayotozwa kodi, na kwamba atolewe kwenye bima kuanzia siku ile, si siku ya nyuma. Nakala moja nikampa mkaguzi mikononi. Kwa upande wa sheria kazi yangu iliishia hapo. Kwa upande wa Mwikali nilikuwa nimemwondolea bima, basi.

Kilichonitisha ni kumjua Abu Fahad. Niliona wazi kwamba jambo rahisi kwake lilikuwa kumkatia Mwikali tiketi ya ndege. Kwa hiyo nikapiga simu nyumbani kwake Al-Naseem, kumtafuta mkewe, Umm Fahad. Nilisema natoka ofisini kwa mumewe.

"Wewe ni nani kwa mume wangu?" aliuliza.

"Mimi ni wa bima."

"Sauti ya mwanamke, kutoka ofisi ya wanaume, inaniambia habari za bima. Una umri gani?"

Nikamwambia umri wangu, nikamwongezea kwamba nina wajukuu na goti bovu. Akalegea kidogo. Nilipomtajia Mwikali, akasema hakuna tatizo, mumewe amemkatia bima ya mfanyakazi wa ndani. Yeye mwenyewe ndiye aliyemshikilia mumewe mpaka akaikata. Nikamweleza ilikuwa bima ya aina gani. Nilisikia akivuta pumzi. Safari hii aliyevuta pumzi hakuwa akidanganya.

Alikuja hospitali jioni ile na dereva wake, amevaa abaya nyeusi ya kawaida, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la malipo. Alitia saini ya dhamana kwa jina lake mwenyewe, si la mumewe. Karani alipomuuliza kama mumewe anajua, alimjibu, "Atajua. Halas, basi, andika."

Nilimshukuru. Akanitazama juu hadi chini, bado hana hakika na mimi. "Usinishukuru," alisema. "Yule binti akiondoka, nani atambeba mama mkwe wangu? Mwanangu Fahad?" Mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma au shida yake. Dirisha la malipo halikuuliza, nami nikaacha kuuliza.

Nikadhani tumemaliza. Nikaingia wodini kumwambia Mwikali kwamba kesho yake asubuhi atapasuliwa. Akakataa.

"Sitaki," alisema. "Jana nilikuwa na bima. Leo umenitoa. Sasa unaniambia madam amelipa. Mtu akilala kwa dawa, anaamkia wapi? Naweza kuamkia airport."

"Huwezi kupasuliwa ukapandishwa ndege."

"Nani amekuambia? Pasipoti yangu iko na bosi. Simu yangu iko na madam. Wewe unakuja, unaandika, unaenda kwako. Kama ni uongo, wewe unapoteza nini?"

 Nilianza kumpa maelezo ya dhamana ya hospitali, nikajisikia nikizungumza kama Abu Fahad, nikaacha.

"Unataka nini?" nilimuuliza.

Akanyoosha mkono. "Nipe ikama yako. Nikae nayo mpaka nipone."

Muuguzi Mfilipino aliyekuwa akipima joto aligeuka kutazama kama nitaitoa. Msako wa wasio na vibali ulikuwa mkali miaka ile. Mtu aliyetembea bila ikama alikuwa anajitafutia kituo cha polisi, na yangu ilikuwa imebakiza muda mchache na mwenye kuihuisha alikuwa Abu Fahad. Nilijua pia kwamba mimi, niliyekuwa nikishuku kila karatasi iliyopita mbele yangu, ningekuwa wa kwanza kumshauri mtu asiitoe. Nikafungua mkoba nikampa. Aliigeuza, akalinganisha picha na uso wangu kwa makini kuliko askari yeyote, akaitia ndani ya foronya ya mto. Kisha akamwambia muuguzi alete ile karatasi ya kuridhia upasuaji.

Walimpasua, na alitoka salama. Uvimbe ulitolewa. Kizazi pia, na alilia kwa ajili yake, ingawa alisema watoto alio nao wanamtosha. Niliyajua haya baadaye, kwa sababu siku yenyewe sikuingia. Mlinzi wa mlango wa wanawake aliniomba kitambulisho.

"Ikama?"

"Imo ndani, na mgonjwa."

"Ya kwako au ya mgonjwa?"

"Ya kwangu."

"Na wewe uko nje."

Sikuweza kumlaumu. Mimi pia nisingejiruhusu. Nilikaa kwenye gari la kaka yangu hadi Umm Fahad alipotoka kunipa habari, na kaka yangu alinihutubia muda wote ule kuhusu wanawake wanaotoa vitambulisho vyao kama peremende.

Ofisini nako mambo yalikuwa yakienda. Mkaguzi aliuliza kama wapo wengine, na wakapatikana: mtunza bustani wa mkubwa mmoja, dereva wa mke wa mwingine. Wote walikuwa mafundi wa kampuni kwenye karatasi. Gharama zao zilirudishwa kwenye faida, kodi ikalipwa juu yake, na kila mkubwa akatakiwa kulipa ya nyumbani kwake. Abu Fahad aliwaambia wakaguzi kwamba ni makosa ya uandishi ya dawati la bima. Dawati la bima lilikuwa mimi peke yangu. Baada ya hapo hakuniuliza tena habari za mtu yeyote, na nilipata amani ambayo sikuwa nayo alipokuwa akiniuliza.

Karani anayeshughulikia ikama alikuja kutaka yangu ili ihuishwe, kwa sababu wakaguzi walikuwa bado wapo na kila mtu alitaka kuonekana anafuata taratibu. Akaniuliza iko wapi.

"Imelazwa," nilimwambia.

Alisubiri nicheke. Sikucheka, akaondoka.

Siku Mwikali alipopewa ruhusa, mlinzi alikuwa mwingine, mzembe zaidi, nikapita. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa, mfuko wa dawa mapajani. Umm Fahad alikuwa amempelekea simu yake na pasipoti, vyote viwili. Sikumuuliza alivipataje kwa mumewe. Mwikali alikuwa ameshaamua kumaliza mkataba wake na kisha kuondoka. Alisema bibi mgonjwa, mama wa Abu Fahad, alikuwa akimuulizia kila siku, na kwamba hilo aliliamini kwa sababu bibi hana akili tena za kudanganya.

Akaingiza mkono kwenye foronya, akatoa ikama yangu, akaifuta kwa ukingo wa shati na kunipa.

"Muuguzi aliniambia uliamka ukiwa na nguvu siku ya pili tu," nilisema. "Ulijua hukupelekwa airport. Mbona hukuituma mapema? Nimekuwa nikipita vichochoroni kama mtoro."

Alinitazama. "Ningeituma, ungekuja tena?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Lilikuwa neno fupi, na nadhani lilikuwa la kweli, lakini nilikuwa sina njia ya kulithibitisha, na yeye hakuwa mtu wa kukubali maneno matupu. Nikainama kwa goti langu bovu nikamvalisha viatu, kwa sababu mshono haukumruhusu kuinama.